Ua wa Minyaa Mbele ya Baraza

Rasimu ya sheria ya mifugo ilisomwa kwetu Kashojwa, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Jumanne, tarehe 5 Machi 2024, ndani ya kanisa letu, kwa sababu ndilo lenye viti. Aliyeisoma alikuwa diwani wa baraza la gombolola, yaani ile serikali ndogo iliyo chini ya wilaya, ambayo hutunga sheria za masoko, visima na njia za ng'ombe. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfugaji wa upande wa Endiinzi, mwenye viatu vya mpira na sauti iliyozoea kuita kundi kutoka mbali. Alisoma kwa Kinyankore, kisha akatufafanulia kwa Kiswahili chake cha sokoni. Alipofika kifungu cha saba nilinyoosha mkono kabla hajamaliza.

Kifungu hicho kilisema kwamba mtu ambaye shamba lake halina uzio wa mbao au waya hatakuwa na haki ya kudai chochote iwapo mifugo itaingia na kula mazao yake. Mbao sisi wakimbizi hatuna, maana tumekatazwa kukata miti ya makazi haya. Waya ni kitu tunachokiona kwenye mashamba ya wengine. Tulicho nacho ni minyaa, ule mmea wenye vijiti vya kijani vilivyosongamana, wenye utomvu mweupe unaochoma macho. Tuliupanda kuzunguka viwanja vyetu kama tulivyozoea kuupanda kwetu Kivu Kusini. Kwa kifungu cha saba, ua huo haukuwa kitu. Ng'ombe angeweza kula maharage yangu nikimtazama, na sheria ingekuwa upande wake.

"Mheshimiwa," nilisema, "na sisi benye kuwa na minyaa, tutafanya je?"

"Minyaa haiko kwa hii karatasi, nyabo," alijibu, yaani mama kwa lugha yao.

"Njo naona. Sasa nani aliisahau?"

"Watu yenye waliandika wako na ng'ombe." Akatabasamu. "Na mimi pia niko na ng'ombe."

"Tunajua. Mbili zilipita kwa mlango, zikakula maharagi yangu mwezi wa kumi na moja. Ile ya pembe moja, ile haina adabu hata kidogo!"

"Ile ya pembe moja ni ya bwana yangu," alijibu upesi, "si yangu," na kanisa zima likacheka.

Kisha akatueleza utaratibu. Mkimbizi hana kiti barazani wala kura. Lakini diwani yeyote anaweza kuwasilisha swali kwa maandishi, na mjumbe anayesimamia kilimo na mifugo analazimika kulijibu mbele ya wote kabla sheria haijapigiwa kura. Tukimletea swali lililopigwa chapa, kwa Kiingereza, atalisoma yeye mwenyewe. Nilimtazama vizuri. Sikuona kwa nini mwenye ng'ombe atuulizie swali hilo, lakini hapakuwa na mlango mwingine.

Macho yote yalinigeukia mimi. Nilianza darasa la kwanza Jumatatu, tarehe 4 Februari 2013, nikiwa mjane wa miezi mitatu, nikaketi dawati moja na binti yangu wa mwisho. Sikuona haya. Kama kulikuwa na wa kuona haya, ni dawati, kwa ufupi wake. Nilifika darasa la saba na nikafaulu mtihani, na tangu siku hiyo hakuna barua inayotoka Kashojwa bila kupitia mezani kwangu.

Tuliandika swali Jumapili, tarehe 10 Machi, baada ya ibada, wanawake kama kumi hivi wamenizunguka. Sharti nieleze desturi yetu. Kanisani kwetu mwenye ombi husimama na kutoa ushuhuda. Husalimu kusanyiko, husema Mungu alimtoa wapi, huimbisha pambio moja, na ndipo hutaja haja yake. Anayeanza na haja huonekana kama mtu aliyeingia nyumba ya watu bila kubisha hodi. Basi nasi tuliliandika swali kwa heshima ileile. Lilianza na "Bwana Yesu asifiwe". Likapita Kivu, likavuka ziwa usiku, likashukuru kwa kikombe cha kwanza cha uji tulichopewa Nakivale, likamtaja marehemu mume wangu na jinsi alivyokata vijiti vya minyaa na kuvichomeka kimoja kimoja. Minyaa na kifungu cha saba vilifika ukurasa wa nne, karibu na sahihi.

"Hii swali iko na nguvu!" alisema jirani yangu akipangusa machozi. "Wakiisikia, baraza bote batapiga magoti."

Ijumaa nilikwenda Mbarara kupiga chapa. Mwenye duka la kuchapia alikuwa Mwislamu wa mjini, hajji mwenye miwani mizito, na kwa kuwa ulikuwa mwezi wa Ramadhani alikuwa amefunga. Alisoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili, akaufunua wa tatu na kuurudisha.

"Mama, swali lenyewe liko wapi?"

"Iko mule mote, Hajji."

"Mama yangu, mimi nimefunga, na adhuhuri bado. Hata maulidi hatusomi kirefu namna hii."

"Wewe piga chapa tu. Kusoma ni kazi ya baraza."

Hakukasirika. Aliniambia kwamba amechapa maswali ya madiwani wengi, na karani wa baraza hurudisha lolote lenye hadithi ndani yake. Swali la barazani ni sentensi moja, na haliingii na jamaa zake.

"Nikikufungulia mlango sasa hivi," alisema, "nikakuuliza unataka nini, utasemaje?"

"Nitakusalimia kwanza."

Alicheka mpaka akavua miwani. Nami, ingawa nilikuwa nimejiandaa kuchukia, nilicheka pia. Tulikaa pale tukikata. Tuliitoa salamu, tukalitoa ziwa, tukautoa uji. Mume wangu nilimtoa mwenyewe kwa kalamu, polepole. Ilibaki sentensi hii: je, mjumbe anayehusika atalieleza baraza kama ua wa minyaa utahesabiwa kuwa uzio kwa mujibu wa kifungu cha saba? Hajji aliigeuza kuwa Kiingereza, akaichapa kwa herufi nene, akaniombea dua, nami nikarudi nyumbani nikiwa na karatasi nyepesi mno kwa safari ndefu kiasi hicho. Jirani yangu aliigeuza huku na huku akitafuta upande wa pili.

"Mumekata swali kichwa na miguu," alisema. "Imebaki tumbo."

Baraza lilikutana Alhamisi Kuu, tarehe 28 Machi. Tulikwenda wanawake sita, na tukaonyeshwa benchi la wageni ukutani. Karani alitusomea masharti: mgeni hasemi, hapigi makofi, hasimami ila spika anapoingia. Madiwani walizungumza Kinyankore, ambacho nilikifahamu kutokana na miaka ya kuuza nyanya.

Zamu yake ilipofika, diwani wetu alisimama na kulisoma swali neno kwa neno. Halikuchukua hata muda wa mtu kukohoa. Mjumbe wa kilimo na mifugo, bwana mtaratibu aliyevaa tai, alijibu kwa adabu kwamba minyaa ni mmea. Mmea hunyauka, hukatika, huacha nafasi. Kwa hiyo ua wa minyaa hautahesabiwa. Akaketi.

Jirani yangu alininong'oneza, "Nilikuambia. Tungewaanzia na ziwa."

Lakini diwani wetu alikuwa bado amesimama.

"Mheshimiwa Spika, nina swali la nyongeza. Je, mjumbe anajua kwamba dume langu mimi mwenyewe lilijaribu kuingia kwenye ua wa minyaa wa mjane mmoja wa Kashojwa, likarudi nyumbani macho yamevimba, likakaa kivulini likihudumiwa kama bwana harusi?"

Madiwani walipiga meza kwa viganja, kwani ndivyo wanavyoshangilia. Spika mwenyewe alijifuta mdomo ili asicheke. Mjumbe alisubiri kelele ziishe.

"Ua mmoja hauthibitishi kitu," alisema. "Pengine ulipandwa mwaka jana na mwaka ujao utakufa. Mheshimiwa atuambie, ua huo una umri gani?"

Diwani wetu aligeukia benchi la wageni. Hakujua. Na hapo, mimi niliyesomewa masharti na kuyaelewa vizuri kuliko wenzangu wote, nilijikuta nimesimama.

"Ulipandwa Ijumaa, tarehe 17 Aprili 2009!" nilisema kwa Kinyankore, kwa sauti ya sokoni. "Asubuhi, mvua ikinyesha!"

Spika aligeuza kichwa kidogo kidogo hadi aliponiona.

"Nani amesema?"

"Mimi, mheshimiwa. Yule mjane."

"Mama, mgeni hana sauti humu ndani. Ukirudia utatoka nje."

"Sitarudia, mheshimiwa. Tarehe ni hiyo moja tu."

Hapo hata bwana wa tai alicheka. Spika aligonga nyundo yake, akasubiri utulivu, kisha akamgeukia karani. "Maneno ya mgeni yasiingie kwenye kumbukumbu. Tarehe iingie."

Mabadiliko yalipendekezwa na diwani wetu mwenyewe, na wafugaji wenzake wakayakubali kwa sharti moja: kifungu cha saba kitahesabu uzio wa mbao, wa waya, au wa mimea hai, ilimradi mimea hiyo isiwe na mwanya unaoweza kupitisha ndama. Mikono iliinuka mingi hata karani akaona hakuna haja ya kuihesabu mara ya pili. Wenzangu watano wakaanza kuimba. Hakuna aliyewapa ishara. Pambio lilitoka lenyewe, na mimi, niliyeahidi kutorudia tarehe, nilijiambia kwamba wimbo si tarehe. Tulitolewa nje sote sita, tukamalizia uwanjani. Madiwani wawili wakatufuata wakipiga makofi waliyokatazwa ndani.

Diwani wetu alitukuta hapo kikao kilipoahirishwa.

"Mheshimiwa," nilimuuliza, "lakini wewe iko na ng'ombe. Kwa nini ulituulizia?"

"Nyabo, ng'ombe yangu akikula kwako, nani analeta maneno kwangu usiku? Ni wewe. Na unakuja na tarehe." Akanishika mkono. "Mimi nataka kulala."

Wiki mbili baadaye hapakuwa na mazungumzo mengine Kashojwa ila mianya. Kila mtu alimshutumu jirani yake kuwa na ua wa mapengo. Watu walipima kwa mikono, kwa ndoo, kwa mtoto aliyeinama, na hakuna aliyekubali kipimo cha mwenziwe. Jumamosi, tarehe 13 Aprili, diwani alichoshwa na simu zetu, akaja na ndama halisi amefungwa kamba, jike jekundu lenye doa usoni. Tulimpitisha kando ya kila ua, umati ukimfuata. Kwa jirani yangu alinusa akapiga chafya. Kwa mwalimu wa shule ya Jumapili alirudi nyuma. Nilitembea mbele kabisa, nikiwaeleza watu ua wangu ulivyosimama kwa miaka kumi na mitano kasoro siku nne.

Kona ya nyuma kuna upenyo ambao mimi nimekuwa nikiuita mlango wa kuku. Ndama aliutazama, akainamisha kichwa, akapita bila hata kugusa kijiti, na kamba ikamponyoka diwani mkononi.

"Mama Sheria!" walipiga kelele wanawake. "Mama Tarehe! Ua yako je?"

"Nyabo," alisema diwani akiwa ameshika kiuno kwa kicheko, "kifungu cha saba!"

Nilimwomba jirani yangu panga, nikakata vijiti, na mikono mingi ikaja kunisaidia kuvichomeka, utomvu ukitudondokea vidoleni, kila mmoja akimkumbusha mwenzake asijiguse macho. Ndama aliendelea kutafuna majani ya maharage yangu, kwa haki kamili ya kisheria, hadi tulipomaliza kuziba.