Pesa za Ugonjwa Haziguswi

Mtu akikuambia kutandika vitanda vya hoteli ni kazi ngumu, mwambie ajaribu kumshawishi mamangu aende hospitali. Vitanda nimevitandika hapa Al Sadd, huku Ghuba, miaka na miaka, na hakuna hata kimoja kilichowahi kunibishia.

Mama alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari alishamwambia afanyiwe upasuaji mapema, la sivyo angepofuka. Na pesa zilikuwepo! Kila mshahara ulipoingia, kabla sijanunua hata sabuni, nilituma kitu kwenye akiba ya matibabu iliyo kwenye simu yake, ile ambayo pesa zake hazitoki ila kwa kulipia hospitali au dawa. Niliichagua makusudi, maana nawajua watu wetu: pesa za kawaida zikifika nyumbani zinageuka mabati, karo na mahari ya binamu. Nikajiona mjanja. Kumbe mimi nimefunga mlango, na mama naye ameongeza kufuli lake.

Macho si ugonjwa, akasema, macho ni uzee, na pesa za ugonjwa haziguswi kwa sababu ya uzee. Kila nilipompigia wakati wa mapumziko jibu lilikuwa hilo hilo. Wifi yangu, mke wa kaka, ambaye anaishi na mama, aliniambia amesema mpaka amechoka. Mama anamimina chai nje ya kikombe, kisha anakilaumu kikombe. Anatia matone aliyopewa na mwenzake wa kanisani, na hakuna anayejua ni matone ya nini. Haki nilikasirika mpaka nikalia. Angekuwa mtu mwingine ningemwambia sikio la kufa halisikii dawa, lakini utamwambiaje hivyo aliyekuzaa? Nikawa naimalizia hasira kwenye mito ya wageni.

Ijumaa moja nilimpigia simu ya video kutoka chumba cha wafanyakazi. Nilitaka kuvua sare, nikazima kamera, tukaendelea kuongea. Mama alikuwa ameileta simu karibu na uso hata nikawa naona paji tu.

"Umependeza, mwanangu," akasema. "Umenenepa kidogo."

Nikaangalia simu. Kamera yangu ilikuwa bado imezimwa. Nikamuuliza kama ananiona vizuri, akasema ananiona, tena ninacheka.

Mimi sikuwa nikicheka. Nilikaa chini na sare nusu mwilini, nikamwambia hapo kwenye simu hakuna picha yangu hata kidogo.

Ndipo akayatoa ya moyoni. Msichana wa jirani alirudi kutoka huku Ghuba akiwa mgonjwa, nyumbani kwao hakuna kitu, ikabidi iitwe harambee. Watu wakachanga huku wakimsengenya, na mama alikuwa ameketi pale akisikia yote. Tangu siku hiyo kila nilichomtumia alikiweka kwa ajili yangu. Jamani! Nimemweleza mara ngapi kwamba huku nina kadi ya afya? Akaniuliza hiyo kadi ni yangu au ni ya tajiri wangu, na tajiri akinifukuza, ataniachia? Hilo likanichoma zaidi.

"Mimi nikipofuka nitashikwa mkono," akasema. "Wewe ukiletwa mgonjwa, nitafanya nini?"

"Nikiletwa mgonjwa utaniuguza vipi, mama? Hata kama nimo kwenye simu au simo hujui."

Nilisema kwa ukali, na wifi, aliyekuwa karibu naye, nilimsikia akikohoa. Kisha nikamsikia mama akimuuliza wifi, kwa sauti ya chini ili nisisikie, kama kwenye hospitali ya macho wanapokea watu siku ya Jumatatu.