Kianga cha Kupandia Pugu

Harufu ya mpunga unaoungua ghalani haifanani na harufu ya moto mwingine wowote. Ina utamu ndani yake, na mtoto mwenye njaa huweza kudhani kwa kitambo kwamba mahali fulani pana sherehe. Harufu hiyo ndiyo iliyonikaa puani mwaka ule wa mwisho wa vita vya Maji Maji, katika kijiji chetu cha bondeni mwa Rufiji, mwendo wa asubuhi moja kutoka Kibiti. Askari wa Mdachi walipita wakachoma maghala, kisha wakapita tena kutazama kama tumeficha mbegu. Baba alikuwa amekwenda vitani akiwa amenyunyiziwa maji ya dawa, na hakurudi. Mama alifuata wakati wa njaa, kwa homa. Mimi kifungua mimba nikaacha chuo kabla sijahitimu msahafu, kwa kuwa hakuna chuo kinachomlisha mtoto. Nilibaki na wadogo zangu wawili: Sefu, aliyekuwa na maneno mengi kuliko nyama mwilini, na Mwajuma, aliyekuwa bado anabebwa.

Mwajuma ndiye aliyenitisha. Sefu akiwa na njaa alipiga kelele mpaka jirani wakasikia, na kelele zake zilinipa moyo. Mwajuma alikuwa ameacha kuomba chakula. Nikimpa ming'oko, vile viazi mwitu tulivyochimba porini, alitafuna. Nisipompa, alinitazama tu. Nilikwisha kuwaona watoto wengine wakinyamaza namna ile, na nilijua kinachofuata.

Ndipo ukaja ujumbe wa mjomba wetu, Mjomba Athumani, ndugu yake mama tumbo moja. Alikuwa kibarua wa reli huko vilima vya Pugu, na mpagazi mmoja aliyepita Kibiti ndiye aliyetuletea maneno yake. Alisema tumfuate kambini kwake, na kwamba msimamizi wake amekubali tupakiwe pamoja na mataruma ya kulazia reli katika gari la moshi, twende mpaka chini ya milima ya Uluguru, ambako mahindi yapo. Lakini akaongeza jambo. Gari lile hupanda kilima wakati wa ukavu tu. Mvua ikinyesha, udongo uliokatwa huporomoka juu ya reli na gari husimama. Na masika yakianza kabisa, kambi itahamia mbele, wala asingejua atatuambiaje alipo.

Basi nikawa mtu wa kutazama mbingu. Tulikuwa kati ya vuli na masika, lakini mwaka ule hakuna aliyejua vuli imekwisha au inapumzika. Nilitazama siafu kama wanahamisha mayai, nilitazama upepo unakotoka, na kila alfajiri nilikanyaga njia ya kutokea kijijini kupima tope. Udongo wetu ni mweusi. Ukilowa humshika mtu hadi magotini, na mwenye mtoto mgongoni hafiki mbali. Jirani yetu, Bibi Zuhura, alihesabu kwa vidole. Wazee wa pwani huzihesabu siku kumi kumi tangu Siku ya Mwaka, nao hujua kumi lipi ni la mvua na lipi la jua.

"Mjukuu wangu, ngoja," aliniambia. "Kumi hili lina maji. Kumi lijalo ni kavu, hata kuku ataondoka na vifaranga vyake. Kawia ufike."

"Bibi, hao kuku wamebaki wapi?" Sefu akamwuliza.

"Wewe mdomo wako utakuja kuliwa na fisi peke yake," Bibi Zuhura akamjibu, na wote wawili wakacheka.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nafikiri. Hesabu ya Bibi ilikuwa hesabu ya mvua ya kwetu, na haikuwahi kutudanganya. Lakini kilima hatukukijua. Je, tukitoka hapa kwa jua na kukuta huko kunanyesha? Tukingoja siku iliyo safi kabisa, tutafika siku ya mwisho, na mvua moja tu itatufungia mlango. Nikaona ni heri tulowe njiani tukiwa na siku za akiba, tukaingoje mvua ya kilima ikatike palepale chini ya kilima. Nilimuaga Bibi Zuhura asubuhi yenye mawingu. Alinifunga vizuri kaniki ya kumbebea Mwajuma, akanung'unika kwamba watoto wa siku hizi hawasikii, kisha akatia mkononi mwangu konzi ya mtama ambayo sijui aliificha wapi askari wasiione.

Tulishika njia za mchanga, tukaliepuka bonde. Mvua ilitunyeshea mara mbili kabla ya Bungu, kama Bibi alivyosema, na hapo Bungu mwanamke mmoja alitupa uji bila kutuuliza tu watoto wa nani. Baada ya Bungu mbingu ilifunguka. Tulikwenda siku kadhaa kwa jua kali, tukilala kwa watu waliokubali kutulaza, mpaka vilima vya Pugu vikaonekana mbele yetu. Moyo wangu ulikuwa mwepesi. Halafu nikaona moshi.

Ulikuwa mweupe, ukipanda kutoka msituni, hapa mmoja, pale mwingine, kama vijiji vinavyoungua kwa zamu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nilimvuta Sefu kichakani, tukalala kifudifudi, Mwajuma nimemfunika kwa mwili wangu. Nilikuwa na hakika kwamba vita vimeanza tena na kwamba nimewaleta wadogo zangu vitani kwa miguu yangu mwenyewe. Jua lilisogea, na sisi hatukusogea. Nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba tutarudi nyuma, ingawa nilijua Mwajuma hawezi safari ya kurudi.

"Dada," Sefu akanong'ona, "mbona haunuki?"

Nilivuta pumzi. Upepo ulitoka kilimani moja kwa moja, ukaniletea baridi na harufu ya majani mabichi, basi. Sisi watu wa nchi tambarare tuliyajua mawingu ya juu na ukungu wa mtoni. Hatukuwa tumeona wingu likitoka mitini baada ya mvua. Huku nyuma yetu jua liliwaka, na kule mbele kulikuwa kumenyesha.

Mjomba Athumani alitupokea akiwa na matope mpaka kifuani. "Karibuni wanangu," alisema, "mmekuja na hesabu za bondeni? Kilima hiki hakijui Siku ya Mwaka!" Udongo ulikuwa umefunika reli. Tulikaa chini ya bati pamoja na vibarua, tukila maharage yao, huku wao wakichota tope na mvua ikilirudisha. Tungelitoka katika kumi kavu la Bibi, tungeliikuta kambi tupu. Lakini tulikuwa na siku za akiba, na katika siku hizo kikaja kianga. Reli ikasafishwa, gari likapiga kelele kama ng'ombe aliyekanyagwa, na Mjomba akatupandisha juu ya mataruma.

Ya safari ile nakumbuka machache. Kilima sikukitazama hata kidogo, maana nilikuwa namsikiliza Mwajuma. Katikati ya mwinuko aliupiga mkono wa Sefu na kulia kwa sauti: "Changu hicho! Kachukua kikubwa, Dada, kachukua kikubwa!" Waligombea kiazi. Niliinamisha uso nisionekane, nikalia, na Mjomba akadhani naogopa gari.

Siku hizi malori yanatoka Kibiti asubuhi na kufika Dar es Salaam siku hiyohiyo, njia ikiwa kavu. Treni bado hupita Pugu, na masika bado huichelewesha. Mwajuma ni bibi mwenye wajukuu na mwili wa kutosha watu wawili. Tukisafiri pamoja na treni ikakawia, husimama mbele ya karani wa stesheni na kumgombeza: tutalala hapa mpaka lini, na chai iko wapi, na mbona hii mikate midogo? Watu hunitazama wakitaka nimtulize mdogo wangu. Mimi husogea kwenye benchi nimwachie nafasi, nikamwacha agombe.