Usingizi wa Makaa

Juzi gesi ilipopanda bei tena, nilimwona jirani akiingiza jiko la makaa chumbani kwake. Nilikimbia kumzuia.

Nilikumbuka alasiri moja ya mvua kule Kibomet. Mafuta ya taa yalikuwa yametushinda bei, kwa hivyo Mama aliinjika maharagwe ndani kwa makaa, akafunga dirisha kuzuia baridi. Chungu kilitokota polepole. Kichwa cha Mama kikainama kifuani, nami nikadhani anaomba.

Nyanya aliniita mlangoni, lakini sauti yake ilitoka mbali sana. "Naliaka! Si unifungulie, mwanangu!" Sikuona haja ya kuitika.

Aliuvunja mlango, akatuburuta hadi matopeni. Mama alitapika, akapumua. Mimi nililia kwa hasira nikitaka nirudishwe ndani nikalale.