Kisanduku cha Modesta

Watu wa Nyakato walimwita Nestory Luhende "Mzee wa Gemu", na hawakumwita hivyo kwa heshima. Mwanaume wa miaka hamsini na ushee, fundi kompyuta, mwenye mke mwalimu, kila jioni anakaa na binti yake mtu mzima mbele ya kompyuta nene ya zamani, wanacheza gemu ya watoto. Majirani walichungulia dirishani wakienda dukani, kisha wakacheka. Wengine walisubiri wafike mbele kidogo ndipo wacheke, wengine hawakuona sababu ya kusubiri.

Hakuna aliyeuliza. Kuuliza kuna gharama yake, maana ukijibiwa unaweza ukajikuta huna tena cha kucheka.

Binti aliitwa Modesta. Alipokuwa mdogo, bado hajaanza shule, malaria ilimpanda kichwani. Homa iliposhuka ilikuwa imeondoka na maneno yake yote. Hakusema tena baba wala mama. Kilichobaki ni kelele. Alikuwa anapiga kelele tangu asubuhi mpaka koo linakauka, anajing'ata mikono, anajigonga kichwa kwenye saruji, na mama yake Renatha akawa anamfunga kitambaa kinene kwenye paji la uso kabla hajaenda kufundisha. Walimpeleka hospitali, wakampeleka kwenye maombi, na kwa siri Renatha, Mhaya wa watu aliyelelewa kanisani, akampeleka hata kwa mganga. Kote huko waliambiwa wavumilie.

Wakati huo Nestory alikuwa anatengeneza kompyuta za ofisi moja ya dini mjini, zile za msaada zilizokuja kwa kontena zikiwa zimeshachokwa huko zilikotoka. Ndani ya kontena kulikuwa na kisanduku cheusi, kizito, chenye kioo kidogo mbele na vitundu vya waya nyuma. Hakuna aliyejua ni cha nini, wakakitumia kuzuia mlango usijifunge. Nestory alikiomba, akapewa. Siku hiyo alikuwa na Modesta ofisini kwa sababu hakuna jirani aliyekubali kubaki naye. Mtoto analia, baba anahangaika na waya. Akaunganisha kisanduku kwenye kompyuta, akafungua gemu aliyoikuta humo, ya chombo kinachosafiri kati ya nyota. Muziki ukaanza. Modesta akanyamaza kama mtu aliyeitwa jina lake.

Tarumbeta zilipoingia, akacheka. Nestory alitoka nje akalia nyuma ya choo cha ofisi, maana hakutaka watu wa dini wamwone.

Baadaye alikuja kuelewa alichokuwa nacho. Kompyuta yenyewe haikuwa na muziki ndani yake. Ilituma amri tu: piga noti hii, sasa, kwa tarumbeta. Tarumbeta yenyewe ilikaa ndani ya kisanduku. Ukikitoa, amri zilezile zinapokelewa na kadi ya sauti iliyochomekwa kwenye kompyuta, nayo inaimba kwa sauti zake za bati. Ni kama mwalimu wa kwaya mwenye wimbo mmoja: ukimbadilishia waimbaji, wimbo ni uleule lakini si kwaya ile. Watu wa kawaida wangesema muziki ni muziki. Modesta hakuwa mtu wa kawaida, na sauti ya bati ilimrudisha sakafuni.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo Nestory alilijua peke yake. Muziki wa gemu ile ulimjibu mchezaji. Chombo kikitulia, zilisikika filimbi taratibu. Kikisogea kwa adui, tarumbeta na ngoma ziliingia, kikigeuka ziliondoka, filimbi zikarudi. Modesta hakuwahi kumpiga adui hata mmoja. Alibonyeza kitufe, akasikiliza, akabonyeza tena. Alikuwa anauliza na kujibiwa. Ndiyo maana Nestory aliporekodi ule muziki kwenye simu, binti aliitupa simu ukutani, kwa sababu simu iliimba bila kumsikiliza. Kwa miaka yote ile, mazungumzo pekee ya Modesta na dunia yalipita kwenye kisanduku kile.

Basi mama yake Nestory akafariki huko Misungwi.

Huwezi kwenda kumzika mama yako ukamwacha mtoto anajigonga kichwa Nyakato. Nestory alipakia vyote kwenye gari la kukodi: kompyuta, kisanduku, spika, betri ya sola. Ndugu walipoona anashusha mizigo hiyo msibani, minong'ono ikaanza. Mtu analetewa habari ya kifo cha mama yake, yeye anabeba gemu. Aliwaeleza. Waliitikia kwa vichwa, kwa adabu, na alipogeuka wakaendelea pale walipoishia. Vyombo vikawekwa kwenye chumba cha nyuma, Modesta akakaa humo na mama yake, na filimbi zilisikika kwa mbali watu wakiomboleza chini ya turubai.

Aliyefurahishwa zaidi na hayo yote ni Shimba. Huyu alikuwa mtoto wa shangazi yake Nestory, na kwa mila ya ukoo wao mabinamu wa namna hiyo ni watani. Mtani msibani ana ruhusa ambayo polisi hana. Anaweza kumwiga marehemu anavyokohoa, kulala ndani ya kaburi akakataa kutoka, kunyakua kitu cha wafiwa mpaka akombolewe. Na hanuniwi. Anayemnunia mtani amejivua ukoo mbele ya watu. Shimba alikuwa hodari wa kazi hiyo, mtu mwenye mdomo, asiyejua kuna mahali pa kuishia.

Siku ya mazishi, jeneza likiwa limeshateremshwa na katekista ameshasali, Shimba alitokea nyuma ya nyumba amejifunga khanga mgongoni. Ndani ya khanga kulikuwa na kitu kama mtoto. Alikuwa anakibembeleza, anakiimbia, anazunguka kaburi akilalamika kwamba mjukuu wa marehemu analia na baba yake hamjali. Watu waliolia siku kadhaa walianza kucheka, wakashikana mabega. Kisha akafungua khanga, na Nestory akaona kile kioo kidogo.

Kumbe Renatha alikuwa amempeleka Modesta kuoga.

"Mkaza mjomba anakwenda mbali," Shimba akasema, amekishika kisanduku juu ya kaburi. "Hana hata redio. Nani analipa jogoo, au nimpe hii?"

Nestory alitaka kumkimbilia akikamate. Lakini alizaliwa katika mila hii na alizijua kanuni zake. Jogoo halipwi mara moja. Anayelipa mara moja amemdharau mtani, amemwambia mchezo wako sina haja nao. Unakataa kwanza, unamtukana kidogo, mnapandishana na kushushana, ndipo unalipa. Angeweza kulipa. Jogoo walikuwa wanatembea pale uani.

"Nitakupa yai," akasema.

Watu wakaangua kicheko. Na hapa ndipo penye uchungu ambao Nestory hajawahi kumwambia mtu: kicheko kile kilimwingia vizuri. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi watu walikuwa wanacheka pamoja naye, hawamcheki yeye. Alisimama kando ya kaburi la mama yake akajiona ni mtu kati ya watu. Shimba akasogea ukingoni, akauliza yai gani hilo. Nestory alijua wakati wa kulipa umefika. Alitaka kicheko kimoja zaidi.

"Bovu," akasema.

Shimba akafungua mikono.

Kisanduku kiligonga jeneza kwa kishindo, na watu wakacheka kuliko walivyocheka siku zote za msiba ule. Vijana wenye majembe walikuwa wamechoka, jua limewachoma, wakachukulia kwamba kicheko hicho ndio mwisho wa shughuli. Udongo ukaanza kuingia. Nestory alisema "ngoja", kwa sauti ndogo. Kijana mmoja alimsikia, akamtazama Ngosha, mkubwa wa ukoo, na Ngosha akatikisa kichwa kukataa. Kwao kilichomwangukia maiti ni cha maiti.

Angeweza kuruka ndani. Kaburi halikuwa na kina cha kumshinda, na udongo ulikuwa bado haujafunika hata mfuniko wa jeneza. Alifikiria jinsi watakavyosimulia: mtoto wa marehemu aliingia kaburini kufuata gemu. Akabaki pale amesimama na tabasamu lake la utani usoni, mpaka shimo likajaa, wakaweka msalaba. Wanasema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Wakishasema, wanaendelea na mzaha wao.

Waliporudi Nyakato alijaribu kadi ya sauti. Hakuwa na kingine. Modesta alikaa mahali pake, akabonyeza kitufe, na palipopaswa kuwa na tarumbeta pakalia kitu kama mbu ndani ya kopo. Akabonyeza tena, akasubiri. Kisha akainuka, akapeleka mkono nyuma ya kompyuta, pale kisanduku kilipozoea kukaa, akapapasa meza tupu. Aliipapasa kwa muda mrefu. Alipomaliza, akaanza kupiga kelele.

Sitawachosha na majuma yaliyofuata. Renatha aliomba ruhusa kazini mpaka mkuu wa shule akachoka kumpa. Mwenye nyumba alikuja kusema kwamba wapangaji wengine nao ni binadamu. Paji la uso la Modesta lilipasuka mahali palepale pa zamani. Nestory alipiga simu mpaka Dar es Salaam kutafuta kisanduku kingine, na fundi mmoja akamcheka, akamwambia vitu hivyo siku hizi wanagombania matajiri wa Ulaya wanaopenda kukumbuka utoto wao. Hata hao wanaviweka kabatini.

Akarudi Misungwi, akapiga magoti mbele ya Ngosha kama mtoto. Alisema shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaeleza mateso ya nyumbani bila kuficha, hata kupapasa kwa Modesta. Aliomba wamfukulie udongo wa juu tu, mchana, mbele ya ukoo wote, na katekista awepo. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza.

"Wanaofukua makaburi tunawajua kwa jina lao," Ngosha akamjibu. "Unataka na wewe tukuite jina hilo? Una mke, una mtoto mgonjwa. Wakikusikia watu nje huko, nitakuokoaje?"

Nestory alielewa. Kule mtu aliyeitwa mchawi harudi nyumbani kwa miguu yake. Akaaga. Njiani Shimba alimkimbilia, uso umejaa huruma ya kweli, akamsukumia mkononi simu ya zamani. Alisema humo zimejaa gemu za kila aina, ampe mtoto, asihangaike na mavyuma ya kale. Nestory aliichukua, maana mtani hanuniwi.

Kisha siku moja asubuhi Modesta alinyamaza.

Renatha aliamka akidhani amekufa, akamkuta amekaa kitandani, macho wazi, anatazama ukuta. Hakulia siku hiyo wala iliyofuata. Hakujing'ata. Ukimlisha anameza, ukimwinua anasimama, ukimwacha anabaki ulivyomwacha. Nestory alimpeleka mbele ya kompyuta, akamwekea kidole kwenye kitufe, na kidole kikakaa pale bila kubonyeza. Alimwita karibu na sikio. Alijua, kama mzazi ajuavyo uchungu wa mwana, kwamba binti yake alikuwa ameuliza mpaka akachoka, na sasa hakuwa tena na swali.

Lakini nyumba ilikuwa kimya, na kimya kina wapenzi wengi. Renatha alilala usiku kucha kwa mara ya kwanza tangu ujana wake. Alinenepa kidogo, akarudi kufundisha. Nestory alipojaribu kumweleza, alimwambia, "Baba Modesta, niache nipumzike," na hakuwa mkatili. Alikuwa amechoka tu, miaka ishirini ya uchovu. Majirani walileta maziwa. Mwenye nyumba alisema Mungu ni mwema. Habari zikafika Misungwi kwamba mtoto amepona.

Ukoo ukaja kushukuru. Walijaa sebuleni Jumapili moja baada ya misa, Ngosha kwenye kochi, Shimba karibu naye amevaa shati jipya. Modesta alikuwa amesukwa nywele vizuri, amekalishwa mkekani. Walimwangalia, wakaangaliana, wakasifu utulivu wake. Ngosha akatoa hotuba. Alisema wengine walidhani ule ulikuwa mzaha, kumbe mila zina macho. Kile kisanduku ndicho kilichokuwa kinamwita mtoto kila siku kwa makelele yake, na bibi yake amekubali kukichukua, amekwenda nacho. Alisema mkono uliotumika kumponya mtoto huyu ni wa Shimba, na haifai aondoke bila neno kutoka kwa baba.

Shimba alitazama chini, kwa aibu ya mtu anayejua atasifiwa. Renatha alimtazama mumewe, na macho yake yalikuwa yanamwomba.

"Asante, binamu," Nestory akasema. "Umetusaidia."

Wakapiga vigelegele. Wakala pilau, wakanywa soda, na jua lilipoanza kupoa wakainuka kuondoka. Mlangoni Ngosha aligeuka akamwambia Modesta kwaheri, akasimama kusubiri. Renatha akaushika mkono wa binti yake, akauinua, akaupunga kwa niaba yake, na wageni wakafurahi sana kwamba mtoto siku hizi anaaga.