Mnada wa Chapati za Watoto

Krismasi iliyotangulia, kila mama alimletea mtoto wake chakula kanisani, na karamu ya watoto ikageuka kesi. Wenye chapati nene waliwacheka wenye chapati nyembamba. Aliyeletewa muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, aliulilia mpaka ukapata chumvi. Mama wawili hawakusalimiana hadi mvua ya Aprili. Kwa hivyo mwaka uliofuata, miaka ile ya themanini, niliposhikishwa kazi ya kulisha watoto hapo Kathonzweni, nilisema safari hii hakuna mtu ataumwa na kichwa.

Mpango wangu ulikuwa mwepesi: mpishi mmoja, chapati za saizi moja, kila mtoto yake. Unga nilianza kuuongelea bei Oktoba, na mwenye duka akaniachia Desemba akisema afadhali hasara kuliko kuniona tena mlangoni. Watoto niliwahesabu mara mbili, kwa sababu watoto huhama mstari. Chapati pia nilizihesabu mara mbili, na mara ya pili moja haikuwepo. Nilimwangalia mume wangu. Alikuwa anakagua mabati ya jikoni. Nikapika nyingine.

Ikabaki pa kuziweka hadi ibada iishe. Jikoni kuna mbwa. Kwa jirani kuna jirani. Nikaamua karai likae kanisani, mbele kabisa chini ya mimbari, limefunikwa kwa leso. Nani ataiba chapati mchungaji akimtazama?

Nilisahau jambo ambalo hata mtoto mchanga wa kanisa letu analijua. Pale chini ya mimbari ndipo wasio na pesa huweka sadaka yao: kuku, mapapai, kibuyu cha ndengu. Mahubiri yakiisha, mzee wa kanisa huvipiga mnada, na pesa huingia sandukuni. Kilichowekwa pale si chako tena.

Mzee aliuza kuku. Akauza mapapai. Kisha akafunua leso, na harufu ikafika hadi viti vya nyuma.

Nikasimama. "Mzee, hizo si sadaka. Ni za watoto."

"Nani aliziweka hapa?"

"Ni mimi."

"Kuna mtu alikulazimisha?"

"Hapana."

"Basi Bwana amepokea. Nani ataanza?"

Safu za watoto zilinyamaza kimya, jambo ambalo mahubiri hayakuwa yameliweza.

"Shilingi kumi, karai lote," nikasema. Halafu mdomo ukaendelea wenyewe: "Na ukipunguza kidogo, nachukua sasa hivi."

"Mwaitu," akaniita mama kwa Kikamba, "hapa tunapanda, hatushuki."

Wakati huo jamaa mmoja aliyekuja Krismasi kutoka Mombasa, na miwani ya jua hakuwa ameivua hata wakati wa maombi, akainua mkono. Alitaja bei iliyofanya watu wageuke. Karai likawa lake. Nilishusha pumzi, nikijua mtu kama huyo atawapa watoto.

Akasimama, akanyoosha kola. "Namrudishia Bwana. Ziuzwe tena."

Makofi. Hiyo nayo ni desturi yetu: mtu akitaka kuonekana, hununua kitu na kukirudisha. Zikauzwa tena, akanunua tena, akarudisha tena. Mtoto mmoja akaanza kulia, na mstari mzima ukamfuata. Nikaona kwa mwendo huu zitaliwa zikiwa soli za viatu.

"Mzee," nikasema, "karai ni moja na mnunuzi ni mmoja. Uza moja moja, sanduku litajaa zaidi."

Hilo la sanduku alilisikia vizuri. Aliinua chapati ya kwanza, na kabla hajataja bei, msichana mdogo alikuwa ameshatoka kwenye safu na kumshika babake koti.

"Baba, ile ni yangu."

Baba aliyekuwa amejificha nyuma ya kitabu cha nyimbo akaingiza mkono mfukoni. Wengine wakafuatwa vivyo hivyo, hadi kwenye kwaya. Watoto ambao baba zao hawakuja waliangalia kanisa lote, kisha wakaenda kwa miwani.

"Anko, na mimi."

"Na mimi, Anko. Ndugu yangu pia, lakini yuko choo."

Mkewe aliwatazama wakipanga foleni. "Hawa wote wamekujulia wapi?"

"Hata mimi nashangaa," akasema, akitoa noti nyingine. Safari hii hakurudisha kitu kwa Bwana.

Watoto walikula palepale, wamekaa sakafuni, mafuta hadi viwikoni. Ikabaki chapati moja, na binti yangu amesimama mbele yake, mikono mgongoni.

"Shilingi tano," mzee akasema.

"Zingine umeuza shilingi mbili," nikasema.

"Hii ni ya mwisho."

"Ya mwisho ndiyo imepoa. Na unga ni wangu, makaa ni yangu..."

"Mama," binti yangu akasema polepole, "usianze."

Nikalipa tano.