Mto Haujui Rula

Gertlind Oppermann aliandikishwa kazi katika ofisi ya upimaji ardhi ya Hollenfurt Jumatatu tarehe 3 Aprili 1967, na jina lake ndilo la kwanza la mwanamke katika daftari hilo. Alistaafu baada ya miaka arobaini. Waliomzoea wanasema hakustaafu, alibadilisha tu kiti. Mpaka leo, akikaribishwa keki ya zambarau saa tisa alasiri, hutazama kwanza kama meza imelala sawasawa.

Anakaa Mtaa wa Watengeneza Ngozi, ulio chini kuliko mitaa yote ya mji, mahali mto Holle unapopinda. Huko juu sokoni wanakaa wenye maduka na baraza la mji. Huku chini wanakaa wanaojua harufu ya tope. Kwa hiyo mwaka 2009, baraza lilipotangaza kujenga ukuta wa kuzuia mafuriko, mtaa mzima ulishangilia. Kimo cha ukuta kilikuwa kimeshaamuliwa: ungeishia sawa na mstari wa mwaka 1784 uliochongwa kwenye Lango la Samaki, unaoonyesha maji yalipofika katika gharika kubwa kuliko zote mjini.

Hakuna Mhollenfurt asiyeujua mstari huo. Siku ya kwanza ya shule kila mtoto hupigwa picha chini yake, amekumbatia pembe yake ya karatasi iliyojaa peremende, zawadi ya desturi ya siku hiyo. Uko juu ya mistari mingine sita, kila mmoja na mwaka wake, yote imejipanga kama askari kwenye gwaride. Wageni huisifu kwa unadhifu wake.

Unadhifu huo ndio uliomkosesha Gertlind usingizi. Asubuhi moja alikwenda langoni na futi yake ya chuma, pamoja na jirani yake Roswitha Tiedke, mjane wa mwoka mikate.

"Gertlind, watu watasema umerukwa na akili," Roswitha alimwambia. "Mtu mzima na mvi zako, unaubusu ukuta mbele za watu!"

"Soma namba, we mama."

"Ishirini. Na hapa ishirini. Hapa pia ishirini. Sasa?"

"Gharika saba katika miaka mia tatu, na kila moja imeizidi mwenzake kwa sentimita ishirini kamili. Umeona wapi mto wenye adabu hiyo?"

Roswitha aliitazama tena mistari. "Aliyekuwa na adabu ni fundi," alisema.

Ndivyo ilivyokuwa. Lango lilibomolewa vitani mwaka 1945 na kujengwa upya 1954. Mafundi waliyakuta mawe yenye mistari hiyo kwenye kifusi, wakayasafisha, wakayapanga kwa nafasi sawa ili yapendeze. Hawakuwa na nia mbaya. Kwao kitu kisichonyooka kilikuwa aibu. Na kwa miaka hamsini na mitano hakuna aliyehoji, kwa sababu kilichonyooka hakihojiwi Hollenfurt.

Kujua kosa ni jambo moja, kujua kimo cha kweli ni jingine. Gertlind alikipata kanisani. Mchungaji wa mwaka 1784 alikuwa ameandika kwamba maji yalifika juu ya ngazi ya tatu ya mimbari. Mimbari ni ileile, na sakafu imefunikwa kwa mawe ya makaburi ya miaka ya 1600 ambayo hayajawahi kuguswa, kwa hiyo haijawahi kuinuliwa wala kushushwa. Akaazima darubini ya kupimia kutoka ofisi yake ya zamani, akapima kutoka mimbarini hadi langoni, kisha akarudi akipima tena. Roswitha alishika fimbo ya vipimo.

"Simamisha fimbo! Inalala kama mlevi."

"Mlevi alikuwa marehemu mume wangu, na alisimama vizuri kuliko hii."

Vipimo vya kwenda na kurudi vilitofautiana kwa milimita mbili. Jibu: mstari wa langoni ulikuwa chini ya ukweli kwa sentimita sabini na nne.

Ukumbi wa baraza ulijaa. Meya Eberhard Nüsslein alivua miwani.

"Bibi Oppermann, picha yangu ya shule nilipigwa chini ya mstari ule. Leo unaniambia mto ulikosea?"

"Mto haukukosea, Bwana Meya. Mto haujui rula. Mwenye rula alikuwa fundi."

Detlev Grabbe, mwenye hoteli ya ukingoni, aliinuka amewiva uso. "Wageni wangu wanakuja kutazama mto, si zege! Nyongeza ya sentimita sabini na nne itanifunika madirisha!"

"Usijali, Detlev," Roswitha alipaza sauti kutoka nyuma. "Bila nyongeza, mto utawafuata wageni wako kitandani!"

Hata meya alicheka. Gertlind hakucheka, alimpa kila mjumbe karatasi yenye vipimo vyote na kusema, "Asiyeniamini aje kesho asubuhi, fimbo ninayo." Walikuja wanne, Grabbe mmojawao. Wiki iliyofuata kura zilikuwa kumi na mbili kwa kumi na moja, na ukuta ukaongezwa.

Ijumaa tarehe 14 Januari 2011 theluji ya milimani iliyeyuka yote kwa pamoja. Saa sita mchana Gertlind alisimama juu ya ukuta kwa viatu vya mpira, mtaa mzima nyuma yake. Maji yalipita kimo cha mpango wa zamani kwa sentimita hamsini na mbili, yakasimama hapo, yakaanza kushuka. Juu yake zilibaki ishirini na mbili za ukuta mkavu. Hakuna kizingiti kilicholowa. Roswitha alipiga yowe, kengele za kanisa zikalia, na Grabbe akashuka na pipa la bia, akalikokota mwenyewe hadi mlangoni kwa Gertlind.

"Ulinifunika madirisha, mama," alisema, "lakini hoteli ninayo."

Baraza limeamua mistari yote saba ing'olewe na kurudishwa mahali pake, na mwaka 2011 uchongwe pia. Gertlind amekubali kusimamia, kwa sharti kwamba atapima mwenyewe. Kazi inaanza Jumanne, saa mbili asubuhi.