Muvuti wa Ithembo Mlangoni Petu

Nilipokuwa mtoto kule Nuu, Mzungu akiwa bado anatawala, haya yote niliyaona kwa macho yangu, si ya kuhadithiwa. Shule niliiacha darasa la nne, lakini macho sikuyaacha huko.

Kiangazi kikikaza, kitu pekee chenye rangi kilikuwa mti wa muvuti ulioota penye ithembo, pale wazee walipotolea sadaka zao kwa mizimu. Unatoa maua mekundu kabla hata ya majani. Mama, mtu wa kanisa na mpenda maua, alikata tawi lake akalichomeka kando ya mlango wetu. Muvuti haubembelezwi, ukiuchomeka, umeshika. Nyanya, mama yake baba, hakugombana naye. Alisema tu kwamba mti wa ithembo ukiuleta nyumbani, wenyewe watafuata kivuli chao. Baba, mzee wa kanisa, akamkataza kusema mambo hayo mbele yetu watoto.

Mwaka wa tatu mti ukachanua. Siku hizohizo mama akashikwa na uchungu wa kuzaa, na nyanya akakimbia kumwita mkunga. Walirudi wakakuta nyuki wametua mtini, wananing'inia juu ya mlango, weusi, wananguruma kama jiwe la kusagia. Mkunga akasimama uani. Akasema nyuki anawajua, na hawa si nyuki, hapiti. Ndani mama alikuwa akilia, kisha akanyamaza. Ukimya ule ulinilowesha kaptura, na mimi si mwoga, ulizeni Nuu nzima.

Baba akaenda jikoni, akatoka na kibuyu cha maziwa, akamnyooshea nyanya bila kumtazama.

"Mwaga, mwaitu," akamwambia mama yake.

"Mwenye mji ni wewe," nyanya akamwambia. "Mwaga mwenyewe."

Baba akamwaga shinani. Nyuki wakainuka wote pamoja kama moshi, mkunga akaingia, na dada yangu akazaliwa, mzima.

Hapo kwa nyuki kuinuka nimetia chumvi yangu, miaka mingi sasa. Hawakuinuka. Walikaa palepale, mkunga akapita chini yao kichwa wazi, na hakuna aliyemgusa. Wangeondoka, ningesema maziwa yamewafukuza, nikalala usingizi. Lakini walikaa, wakatupisha. Na anayekupisha mlangoni ni mwenye nyumba.